Nilimsahihisha mbele ya ukumbi mzima, sasa hataki kusema Kiingereza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya lugha mbili. Hisabati na sayansi tunafundisha kwa Kiingereza. Historia, uraia na mengine kwa Kiswahili. Nina miaka kumi na mmoja kazini, na kwa miaka mitatu sasa nimekabidhiwa shughuli zote za Kiingereza nje ya darasa: klabu, midahalo, mashindano ya tahajia, jarida la ukutani, na Wiki ya Kiingereza ambayo hufanyika mara moja kwa mwaka na kufungwa kwa sherehe ya wazazi. Kazi hii naipenda. Nakwambia mapema kwa sababu nitakayoyasema yanaweza kukufanya udhani sivyo.

Klabu yetu ina wanafunzi arobaini kwenye daftari. Wanaozungumza ni saba, pengine wanane. Hao ndio wanaosimama kwenye kila mdahalo, ndio washereheshaji, ndio wanaoondoka na vyeti. Waliobaki hupiga makofi. Nilikuwa nikiliona hilo, nikaliita uvivu.

Miongoni mwa wapiga makofi alikuwemo binti mmoja wa kidato cha pili. Insha zake za Kiingereza nilikuwa naziweka chini kabisa ya rundo ili nizisome mwisho, kama mtu anavyoacha kipande cha nyama pembeni ya sahani. Kila Ijumaa aliazima vitabu viwili, na Jumatatu akavirudisha na kikaratasi chenye maneno aliyotaka nimweleze. Darasani hakusema neno. Ukimuuliza, anainama na kutabasamu.

Muhula uliopita niliamua kwamba dawa ya woga ni jukwaa. Nikampanga awe msemaji wa pili wa upande unaopinga hoja, kwenye mdahalo wa shule nzima. Hakuomba. Alikuja ofisini akaniambia, "Mwalimu, naomba mwaka huu nikae." Nikamjibu kwamba mwakani atanishukuru.

Siku yenyewe alipanda na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipoikunjua ilikuwa imelowa jasho la viganja mpaka mikunjo imeanza kuachia. Lakini alianza vizuri. Hoja yake ya kwanza ilikuwa na akili kuliko zote nilizosikia siku ile. Kisha akaingia kwenye sentensi iliyoanza na maneno "We are determined to", na hilo neno la tatu akalitamka "ditamaindi".

Nilikuwa meza ya majaji, maikrofoni iko mbele yangu. Shangazi, sikufikiri. Mdomo ulitangulia. Nikalitamka neno inavyotakiwa, mara mbili, kwenye maikrofoni, nikamwambia arudie.

Ukumbi ukalipuka. Akarudia, akakosea tena. Wakacheka zaidi. Alisimama pale kama dakika nzima, macho kwenye karatasi, halafu akaikunja kwa mikunjo ile ile minne na kushuka. Hakulia. Afadhali angelia.

Tangu siku hiyo jina lake ni Ditamaindi. Mpaka watoto wa kidato cha kwanza wanamwita hivyo. Klabu amejitoa. Vikaratasi vya Jumatatu vimekwisha. Sasa anaazima vitabu vya Kiswahili tu. Mwalimu wa baiolojia ananiambia kwamba hata swali analolijua hajibu tena. Wiki iliyopita mama yake alikuja kuuliza kama anaweza kuhamishiwa shule inayofundisha kwa Kiswahili peke yake. Alimuuliza mwalimu wa darasa. Mimi nilikuwa naandika ubaoni darasa la pili yake, nikamsikia.

Wiki ya Kiingereza imebakiza wiki tano. Mkuu wa shule anataka mambo mawili. Kwanza, kila mwanafunzi wa klabu apande jukwaani mbele ya wazazi. Pili, wiki nzima isisikike lugha nyingine, hata bwaloni. Atakayekamatwa avae kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Niliposema labda tuweke na vipengele vya lugha zote mbili, mwenzangu mmoja akanijibu mbele ya kikao kwamba mwalimu wa Kiingereza anayetetea Kiswahili ni kama mvuvi anayeogopa maji. Watu wakacheka. Nikanyamaza.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema "ditamaindi" mpaka nilipofika chuo. Neno lile nililikuta kitabuni, nikiwa peke yangu. Siku niliposema hivyo mbele ya wenzangu, mkufunzi hakusema kitu. Aliniita baadaye kwenye korido.

Nifanye nini? Wenzangu wanasema nimrudishe jukwaani haraka kabla woga haujaota mizizi. Au nimwache? Nimwombe radhi? Nikimwomba radhi mtoto wa kidato cha pili, darasa hilo nitaliongoza vipi tena? Na mkuu wa shule nimkabili vipi bila kuonekana nakwepa kazi?

Ni mimi, mwalimu aliyeponzwa na mdomo.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, kwenye karatasi ile iliyokunjwa mara nne. Mtu ambaye hajali haoni mikunjo. Kwa hiyo tusipoteze muda kujadili kama wewe ni mwalimu mbaya. Nami nilishika chaki miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, na ninazo siku zangu ambazo mdomo ulitangulia. Nyingine bado zinaniamsha usiku.

Umeniuliza maswali mengi, lakini nasikia mawili. La kwanza ni la binti: umemtoa kwenye lugha aliyokuwa anaipenda, na hujui kama kumvuta kutamrudisha au kutamfukuza kabisa. La pili ni la Wiki ya Kiingereza: unaona inaelekea kuwafanyia watoto wengi kile ulichomfanyia mmoja, na safari hii kwa amri. Nadhani yote mawili yana mzizi mmoja, nitauendea polepole.

Kwanza tuongee juu ya neno lenyewe, maana naona hata wewe bado unalionea haya.

Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi, hakuna neno litakalomshinda kutamka. Kiingereza hakiko hivyo, na sababu ni ya kihistoria. William Caxton alipopeleka mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, matamshi ya irabu yalikuwa yanahama, na yakaendelea kuhama vizazi kadhaa baada yake. Maandishi yakaganda, sauti zikaenda zake. Ndiyo maana "mine" na mwisho wa "determine" vinafanana machoni na kutofautiana masikioni, na ndiyo maana "though", "through", "tough" na "cough" zina mkia mmoja na sauti nne. Wewe unayeendesha mashindano ya tahajia unalijua hili kuliko mimi: kwa Kiswahili mashindano hayo yasingekuwa na maana.

Sasa mtazame tena binti yako pale jukwaani. Aliyelipata neno "determined" kwa kulisikia hawezi kusema "ditamaindi". Anayesema hivyo ni yule aliyelikuta kwenye kurasa, peke yake, akalielewa, akalipenda, akalibeba mpaka siku aliyolihitaji, na siku hiyo akalitumia mahali pake panapofaa. Lile lilikuwa kosa la msomaji. Ukumbi mzima ulisikia ujinga. Wewe peke yako, kati ya watu wote waliokuwemo, ndiye uliyekuwa na njia ya kujua kwamba ulikuwa ukisikia miaka ya kusoma. Je, hilo amewahi kuambiwa? Na wale wanaomwita jina hilo, wamewahi kuambiwa?

Umeita kimya cha wenzake uvivu, na chake woga. Naomba uyaweke majina yote mawili pembeni kidogo. Mwaka 1986 mtafiti wa ufundishaji wa lugha, Elaine Horwitz, na wenzake walichapisha makala iliyoonyesha kwamba hofu ya kusema lugha ya kigeni darasani ni kitu cha peke yake, wakatunga na hojaji ya sentensi 33 ya kuipima. Mtu anaweza kuwa jasiri kwenye mambo mengine yote na bado akatetemeka akitakiwa kuongea kwa lugha ambayo hajaimiliki. Na ukifikiri, kuna haki ndani yake. Kwa lugha yake binti huyu ana mawazo ya mtu mzima. Akifungua mdomo kwa Kiingereza anajisikia anavyorudi kuwa mtoto, mbele ya watu wanaomtathmini. Nani asingeinama na kutabasamu?

Hukuniambia anavyoongea kwenye kipindi cha historia. Hujui, au hukuona kama linahusika? Nenda kamuulize mwalimu wa historia. Ikiwa huko naye ni mkimya, basi pengine huyu ni mtu wa maneno machache, na ana haki ya kuwa hivyo. Ikiwa huko anabishana mpaka kengele inalia, basi sauti anayo, na tatizo liko kwenye mlango ambao nyinyi mmeuweka.

Tuje kwenye ushauri wa wenzako. Sitaki tuupuuze. Ndani yake mna ukweli uliothibitika. Huko Kanada kulikuwa na watoto waliosomeshwa kwa Kifaransa kwa miaka mingi ilhali nyumbani wanasema Kiingereza. Walikuwa wanaelewa Kifaransa vizuri mno, lakini kusema na kuandika kwao kulibaki nyuma. Mtafiti Merrill Swain alipowachunguza, aliandika mwaka 1985 kwamba kusikia peke yake hakutoshi. Mtu anahitaji nafasi za kulazimika kuitoa lugha mwenyewe, atafute neno, alikose, ajaribu jingine mpaka aeleweke. Kwa hiyo kumwacha moja kwa moja, ukidhani ndio upole, nako kuna gharama yake. Nami kinachonitia hofu zaidi ni kimya cha kipindi cha baiolojia. Klabu mtu anaweza kuishi bila yake. Jim Cummins, naye mtafiti wa Kanada, alionyesha kwamba watoto wahamiaji walipata Kiingereza cha mazungumzo ya kawaida kwa kama miaka miwili, lakini Kiingereza cha vitabu vya masomo kiliwachukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzao. Safari ni ndefu. Binti akinyamaza mwaka mzima kwenye masomo ya sayansi, hiyo ni hasara ambayo haitaonekana kwenye sherehe yoyote lakini itaonekana kwenye mtihani.

Ila wenzako wanaruka kitu. Swain alizungumzia kusema. Hakuzungumzia kusema mbele ya watu mia kadhaa wenye kicheko tayari kooni. Kati ya kimya na maikrofoni kuna ngazi nyingi sana, na wewe, samahani nikisema hivi, ulimtoa chini ukamweka darini.

Ngazi hizo unazijua, nakukumbusha chache tu. Kuna kusoma igizo watu wakiwa wamekaa, karatasi mkononi, hakuna kukariri, wanne au watano tu chumbani. Kuna kurekodi kipindi kwa simu, ambapo sentensi mbaya inafutwa na kurudiwa mara kumi na hakuna aliyeisikia ya kwanza. Kuna wawili wawili: mmoja ana ramani, mwenzake hana, na hawezi kufika mpaka waongee. Na hata midahalo yenyewe si lazima iwe wasemaji na wapiga makofi. Kwenye mashindano ya dunia ya midahalo ya shule za sekondari, yaliyoanza mwaka 1988, timu huwa na watu watatu hadi watano, na kwenye kila mdahalo husimama watatu tu. Waliobaki wanaandaa hoja, wanatafuta udhaifu wa upande wa pili. Fikiria timu yako ingekuwa na nini kama yule aliyeandika hoja bora ya siku ile angekaa nyuma yake akiwapa wengine maneno.

Ngazi hizo nazo zina hatari zake. Kazi ya nyuma ya pazia inaweza kugeuka maficho, mtoto akakaa humo miaka minne na nyinyi nyote mkafurahi kwamba hakuna aliyeumia. Na wenzake wanaweza kuona amepewa kazi nyepesi kwa huruma, jambo ambalo kwa umri ule ni jina jingine la utani. Ndiyo maana nasita kukuambia chagua hii au ile. Kuna mtu mmoja anayejua ngazi ipi inamfaa, na alikwisha kuja ofisini kwako kukuambia. Alisema, "Mwaka huu." Hakusema kamwe.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze kuhusu radhi.

Unaogopa darasa litakosa heshima. Nakuuliza: yule mkufunzi aliyekuita kwenye korido, unamheshimu kwa sababu alikuwa mkali? Miaka yote hii umemkumbuka kwa kitu ambacho hakukifanya mbele za watu. Binti huyu naye atakukumbuka. Bado una nafasi ya kuchagua sehemu ya kumbukumbu hiyo.

Lakini radhi nayo inaweza kuumiza ikitolewa vibaya. Ukisimama mstarini asubuhi na kumwomba radhi mbele ya shule, utakuwa umempandisha jukwaani mara ya pili bila kumuuliza. Ukimwomba faraghani tu, anaweza kujiuliza kwa nini aibu ilikuwa ya wote na heshima imekuwa ya siri. Sijui angependa ipi. Ningekuwa wewe ningeanza na faragha, mlango wazi, maneno machache: nilikosea, hukustahili, na wewe ulikuwa umefanya kazi nzuri. Kisha ningemuuliza kama kuna kitu angependa wenzake wasikie, na kutoka kwa nani. Pengine atasema hapana. Pengine atanyamaza na kutabasamu tena. Basi usimdai jibu, wala msamaha. Na usitegemee kwamba Ijumaa ijayo atakuja kuazima vitabu viwili.

Habari yako mwenyewe ya "ditamaindi" ni hazina, na ni kali pia. Ukiwasimulia kidato cha pili kwamba mwalimu wao alilitamka hivyohivyo mpaka chuo, jina lile linaweza kumtoka binti likaja kwako, na wewe una mabega ya kulibeba. Ila mwambie yeye kwanza. Habari hiyo ikimfikia kwa mara ya kwanza akiwa amekaa katikati ya darasa, macho yote yatamgeukia, na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Mama yake naye anangoja. Aliuliza swali la kuhama kwa mwalimu wa darasa, na wewe ulilisikia kupitia ukuta. Inawezekana hajui kilichotokea ukumbini. Watoto wa umri huo husema tu "sitaki shule hii." Sisemi umzuie asimhamishe mwanawe, pengine kwa mtoto huyu kuhama ni sahihi. Ila uamuzi huo ni mkubwa kuufanya mtu akiwa ameshika nusu ya habari, na nusu nyingine unayo wewe.

Sasa Wiki ya Kiingereza. Hapa nitakuambia ninavyohisi bila kuficha: habari ya kibao ilinifanya niweke barua chini nikatoka nje kidogo.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, alisimulia jinsi shuleni kwao, enzi za ukoloni, kitufe kilivyopita mkono kwa mkono kwa kila aliyesikika akisema Kikikuyu, na jinsi wengine walivyovishwa bamba la chuma shingoni. Aliona kwamba kilichofundishwa pale kilikuwa ni kuwindana na kusalitiana. Na kabla ya hapo, karne ya 19, watoto wa Wales, nchi jirani ya Uingereza, waliosema lugha yao ya Kiwelisi walivishwa kipande cha mbao shingoni, nacho kikahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyeadhibiwa. Angalia sharti la mkuu wako wa shule: mpaka amkamate mwenzake. Ni lilelile. Tena fikiria bwalo lenu wiki hiyo. Mtoto mwenye Kiingereza kidogo hatakisema zaidi. Atakula kimya na kutega sikio.

Lakini kuna kitu kuhusu Wales ambacho ningependa umpelekee mkuu wako. Nchi hiyohiyo, baadaye, ndiyo iliyotoa mwalimu aliyeitwa Cen Williams, ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1994 alieleza namna ya kufundisha kwa lugha mbili kwa makusudi: wanafunzi wanasoma jambo kwa lugha moja, wanalijadili au kuliandika kwa nyingine. Wazo hilo sasa linafahamika duniani kote kwenye shule za lugha mbili. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Huwezi kuhamisha wazo kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kulielewa kwanza. Kukariri hotuba unaweza bila kuelewa chochote, na wewe umekwisha kuziona hotuba hizo kwenye sherehe.

Mwenzako aliyekuita mvuvi anayeogopa maji alisema kwa utani, na utani ulimkaa. Nawe ungemjibu kwamba mvuvi haitoboi mashua iliyomfikisha baharini.

Kabla ya kumkabili mkuu wa shule, hebu jiulize yeye anaogopa nini. Sidhani kama anawachukia watoto. Nadhani kuna wazazi waliochagua shule yenu kwa sababu ya Kiingereza, na anataka siku ya sherehe waone walichokifuata. Hofu hiyo ni halali. Ukienda na "hapana" tupu, atasikia mtu anayekwepa kazi, kama ulivyosema. Nenda na kitu mkononi. Kwa mfano, ukalimani. Mwanafunzi mmoja anaeleza kwa Kiingereza jaribio walilofanya kwenye fizikia. Mwenzake, papo hapo, analifikisha kwa Kiswahili kwa wazazi. Mzazi asiyejua Kiingereza amekuja sherehe hizo mwaka baada ya mwaka, amekaa na kanga yake nzuri, amepiga makofi kila wenzake walipopiga, hajui mwanawe alisema nini. Mwaka huu ajue. Shule ya Kiingereza kitupu haiwezi kumwonyesha hilo. Nyinyi ni shule ya lugha mbili, na hicho ndicho mnachoweza kuwashinda nacho wengine.

Na badala ya kupiga marufuku lugha mchana kutwa, mnaweza kutenga mahali na saa: meza fulani, kona ya maktaba, nusu saa ya alasiri, ambapo anayeingia anajua hapa ni Kiingereza na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Makosa mwalimu anayaandika kwenye daftari lake na kuyafundisha kesho yake darasani, bila majina. Hilo la daftari, mwanangu, ungeweza kuanza nalo hata kesho, bila ruhusa ya mtu.

Anaweza kukataa yote. Anaweza kukunyang'anya klabu ampe mwenzako wa mvuvi, na wewe ukabaki ukitazama kibao kikizunguka. Pima hilo kabla hujaingia ofisini kwake. Kama lazima uache mengine upate moja, mimi ningeacha ukalimani, ningeacha meza ya maktaba, hata lile sharti la kila mtu kupanda jukwaani ningelijadili kwa utulivu, ili mradi kibao kisiwepo. Lakini wewe ndiye unayewajua watu wa hapo, na huenda ukaona njia ambayo mimi, niliyekaa mbali na barua yako mkononi, sioni.

Nilisema mzizi ni mmoja. Ulipompandisha binti yule, ulikuwa unataka jambo jema, lakini siku ile jukwaa lilikuwa la ukumbi, la majaji, la matamshi. Sherehe ya wiki tano zijazo nayo inapangwa kwa ajili ya wageni. Kila mtu anasikiliza jinsi mtoto anavyosema. Na hapa nina swali ambalo barua yako haikunijibu.

Alisema, "We are determined to", ukamkatiza. Sentensi ile ilikuwa inaelekea wapi? Walikuwa wamedhamiria kufanya nini? Umenieleza karatasi, jasho, mikunjo, kicheko, dakika nzima ya kimya. Hukunieleza mwisho wa sentensi, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyeusikia. Ile karatasi huenda anayo bado. Ukipata nafasi ya kukaa naye, baada ya yale mengine yote, muulize. Akujibu kwa lugha yoyote anayotaka. Kisha niandikie tena, nami nataka kujua.